Rai ya Mtumiaji na Kazi ya Mkono Wake: Uhakiki wa Violesura vya Kiswahili Tukiutazama Mji wa Liboi

1. KUSUDI LA MAKALA

Kwa muda wa miongo miwili sasa Kiswahili kimekuwa kikisomwa juu ya vioo vya kompyuta na simu. Mwezi wa Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa programu ya Jambo OpenOffice. Mwaka huohuo kampuni ya Microsoft ilitangaza kwamba nayo ingezitoa programu zake kwa Kiswahili. Mwezi wa Machi 2007 kampuni ya Safaricom ilianzisha nchini Kenya huduma ya M-PESA, ambayo orodha yake mteja anaweza kuisoma kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Hivyo ndivyo lugha yetu ilivyoingia katika kile tunachokiita kiolesura, yaani sehemu ile ya programu ambayo mtumiaji huiona, huisoma na kuigusa ili mashine itende analolitaka.

Wanalugha tumeyapokea mambo haya kwa furaha, na furaha hiyo ina haki yake. Lakini uhakiki wetu umebaki nyuma ya furaha. Tumebishana kama mashine hii iitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi; tumeulizana kama nywila ni neno linalofaa; tumewauliza wasemaji kama wanazikubali istilahi tulizowapelekea. Mara chache sana tumeuliza swali lililo gumu zaidi: mtu aliyeyasoma maneno haya alitenda nini kwa mkono wake? Alifika alikokusudia, au alipotea njiani?

Makala haya yanadai mambo matatu. Kwanza, rai ya mtumiaji juu ya kiolesura na utendaji wake juu ya kiolesura hichohicho ni mambo mawili yenye uhusiano, lakini moja haliwezi kuwa badala ya jingine. Pili, pengo baina ya mambo hayo hupanuka mahali ambapo Kiswahili ni lugha ya pili au ya tatu. Tatu, mahali kama hapo rai njema aghalabu huwa ni sifa ya mtu aliyemsaidia mtumiaji, wala si sifa ya maneno yaliyoandikwa. Ili kuyajadili haya tutautazama mji wa Liboi, katika Kaunti ya Garissa, mahali ambapo Kiswahili kimefika kwa njia ya shule, ofisi na gari la mizigo kuliko kwa njia ya mama na mtoto.

2. RAI NA UTENDAJI

Hebu tuanze kwa kuyatenga maneno. Kwa rai tunakusudia hukumu anayoitoa mtumiaji mwenyewe: kwamba programu ni rahisi au ni ngumu, inapendeza au inachosha, inafaa au haifai. Kwa utendaji tunakusudia lile linaloweza kuonekana na kuhesabiwa na mtu mwingine: je, kazi ilikamilika, ilichukua muda gani, makosa mangapi yalitokea, na mkosaji aliweza kujirudi au la.

Utengano huu si wetu. Kanuni ya kimataifa ya ISO 9241-11, iliyotolewa mwaka 1998 na kurekebishwa mwaka 2018, hupima ufaafu wa chombo kwa mambo matatu: kulifikia lengo, kulifikia kwa nguvu na muda wa kiasi, na kuridhika kwa mtumiaji. Mawili ya kwanza ni ya utendaji, la tatu ni la rai. Katika utafiti wa violesura, vipimo vya rai vimeenea sana kwa kuwa ni rahisi kuvitumia. John Brooke alitunga mwaka 1986 hojaji ya sentensi kumi ambayo hata leo hutumiwa duniani kote. Mtu huijaza kwa dakika chache tu. Fred Davis naye alidai mwaka 1989 kwamba watu huikubali au kuikataa teknolojia kwa kadiri wanavyoiona kuwa yafaa na kuwa ni nyepesi. Tuangalie vema: Davis alizungumzia wepesi unaoonwa na mtu. Hakusema kwamba wepesi unaoonwa ndio wepesi uliopo.

Je, mambo haya mawili huenda pamoja? Jakob Nielsen na Jonathan Levy walizikusanya tafiti nyingi na kuzilinganisha mwaka 1994. Waliona kwamba kwa jumla watu hukipenda kile wanachokitumia vizuri zaidi, lakini si daima. Zilikuwako tafiti ambamo watumiaji walikichagua chombo kilichowachelewesha au kuwakosesha. Mwaka 2000 wataalamu watatu wa Denmark, Erik Frøkjær, Morten Hertzum na Kasper Hornbæk, walionya kwamba haifai kupima jambo moja kati ya yale matatu na kuyadhania mengine yaliyobaki.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wahakiki kwa karibu zaidi. Mwaka 1995 Wajapani Masaaki Kurosu na Kaori Kashimura waliwaonyesha watu mipangilio 26 ya vioo vya mashine za kutolea pesa benki. Walikuta kwamba mpangilio ulioonekana mzuri kwa macho ulidhaniwa pia kuwa ni mwepesi kutumia, hata pale ambapo sababu za wepesi hazikuwapo. Noam Tractinsky alilirudia jaribio hilo nchini Israeli, akitarajia kwamba utamaduni tofauti ungetoa jibu tofauti. Matokeo yake, aliyoyatoa mwaka 1997, yaliuonyesha uhusiano huohuo, tena kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo basi uzuri humwazima mtu imani ya wepesi.

Tukilihamisha jambo hili katika uwanja wetu, twapata swali ambalo hatujaliuliza: je, lugha nayo haifanyi kazi ileile ya uzuri? Mkenya au Mtanzania aonapo Kiswahili juu ya simu yake huweza kuona fahari, na fahari hiyo ikamfanya aseme kwamba simu ni rahisi kabla hajaitumia. Kinyume chake, yuko mwingine aonaye kwamba Kiingereza ndiyo lugha ya mashine, akasema Kiswahili cha simu ni kigumu ilhali hakijamkosesha lolote. Wote wawili wametoa rai. Wala hakuna kati yao aliyetuambia habari za utendaji.

Vigezo tunavyovitumia kuzipima istilahi haviwezi kutuokoa hapa. Vile vilivyopangwa na Kiingi wa Uganda, vinavyojulikana kwa kifupisho PEGITOSCA, ni tisa: usahihi, iktisadi, uzalishaji, ukimataifa, uwazi, kuepuka lugha ya aibu, kuingia katika mfumo, upatano wa sauti, na kukubalika. Ni vigezo vizuri, navyo vimewanyoosha wengi. Lakini vinane vya kwanza hulipima neno likiwa peke yake juu ya meza ya mwanaisimu, na cha tisa huipima rai ya msemaji. Hakuna hata kimoja kinachoupima mkono.

3. LIBOI NA LUGHA ZAKE

Liboi uko mwishoni mwa barabara ya A3, ile itokayo Thika na kupita Garissa na Dadaab hadi karibu na mpaka wa Somalia. Upande wa pili wa mpaka uko mji wa Dobley. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Somalia ilipovunjika, maelfu ya wakimbizi waliingia Kenya kwa njia hii, na kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zikajengwa Dadaab mwaka 1991 na 1992. Mwezi wa Oktoba 2011 majeshi ya Kenya yaliingia Somalia yakipitia upande huuhuu. Mwezi wa Mei 2023 serikali ilitangaza kwamba kituo cha mpakani cha Liboi ni miongoni mwa vile ambavyo vingefunguliwa tena, kisha mpango huo ukaahirishwa mwezi wa Julai baada ya mashambulizi. Hata hivyo mifugo, bidhaa na jamaa wamekuwa wakivuka, na pamoja nao pesa.

Lugha ya nyumbani Liboi ni Kisomali. Kiarabu ni lugha ya ibada, na mtoto hukutana na herufi zake katika duksi kabla ya kwenda shule. Kiswahili na Kiingereza hutoka darasani. Tangu mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilikuwa somo la lazima lenye mtihani, na Katiba ya mwaka 2010 imekiweka kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Nje ya darasa Kiswahili ni cha polisi, cha watumishi wa serikali na cha madereva. Mtu mzima ambaye hakusoma shule huenda akakisikia vizuri kuliko anavyoweza kukisoma.

Kisomali chenyewe kimeandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini tangu mwaka 1972. Herufi hizi ni zilezile za Kiswahili, lakini kazi zake si zilezile: x ya Kisomali ni ile ha nzito ya Kiarabu, na c ni ain. Kisomali hakina sauti za p, v na z. Kwa hiyo mtu wa Liboi asemaye besa badala ya pesa hutambulika mara moja na mwalimu wa Kiswahili, naye huenda akachekwa. Lakini kicheko hicho ni rai ya mwalimu tu. Mkono wa huyo asemaye besa waweza kubonyeza mahali panapostahili bila kukosea, na wa yule mwenye matamshi safi ukapotea.

4. UHAKIKI WA MANENO

Sasa na tuyasome maneno yenyewe kama tunavyosoma matini yoyote. Tutayatazama matano.

(a) Toa pesa. Katika orodha za huduma za pesa kwa simu, tuma pesa na toa pesa ni maneno ya msingi. Yote mawili ni mafupi, yote huanza na t na kuishia na a, na aghalabu hufuatana. Kwa msemaji aliyezaliwa na Kiswahili hakuna shida. Lakini kitenzi toa kina mwelekeo usiotulia. Mtu atoapo pesa mfukoni, pesa humwacha. Atoapo pesa benki, pesa humjia. Atoaye sadaka ametoa, na apokeaye mshahara wake dirishani naye pia ametoa. Katika maana ya kwanza tumesimama upande wa mtu. Katika ya pili tumesimama upande wa sanduku. Mwanafunzi wa Kiswahili hufundishwa kwanza ile ya mtu: toa kitabu, toa mchango. Akikutana na toa pesa juu ya simu, si ajabu akaielewa kuwa ni kumpa mtu pesa, jambo ambalo ni kazi ya tuma pesa.

Wataalamu wakiulizwa, watalikubali neno hili bila pingamizi: ni la Kibantu, ni fupi, ni wazi, latumika na watu. Hata hivyo linaweza kumpeleka msomaji wa Liboi mlango usio wake. Kinachomwokoa ni hatua inayofuata: akibonyeza toa, simu humwuliza nambari ya wakala, wala si nambari ya mtu, hapo akisoma vema atatambua na kurudi. Twajifunza hapa kwamba utendaji si wa neno moja. Ni wa mfululizo wa maneno, na neno dhaifu huweza kuegemea neno lenye nguvu linalolifuata. Mhakiki alitazamaye neno moja moja hawezi kuliona hili. Pengine chukua pesa lingekuwa neno bora kwa kuwa kitenzi chake humwelekea mtu daima; lakini hata hilo tusilipitishe kwa kulipenda, bali kwa kulijaribu.

(b) Lipa na M-PESA. Huduma hii ya kulipia dukani ilipoanza Kenya mwaka 2013, walimu wa Kiswahili walikuwa na la kusema. Kihusishi cha kifaa katika Kiswahili sanifu ni kwa: twakata kwa kisu, twaandika kwa kalamu. Lipa na M-PESA yaweza kusomwa kana kwamba M-PESA ni mtu anayelipa pamoja nawe. Upande wa Tanzania husomwa lipa kwa, kama sarufi itakavyo. Lakini ni wapi ambapo na hiyo imemkosesha mtu? Mnunuzi huliona neno lipa, huliona jina la huduma, hulipa. Kosa ambalo sisi hulipigia kelele halikuugusa utendaji hata kidogo, na lile tulilolinyamazia katika toa pesa laweza kuugusa. Hatusemi kwamba sarufi iachwe. Twasema kwamba ukali wa mhakiki ulielekezwa kusikokuwa na hatari.

(c) Hakikisha. Hili ni jina la hatua iliyoongezwa katika M-PESA baada ya miaka kadhaa, ili mtumaji aonyeshwe jina la mpokeaji na aweze kusimamisha kabla pesa hazijampotea. Kuwapo kwake ni ushahidi mkubwa kwa hoja yetu. Huduma hii ilisifiwa tangu mwanzo kwa wepesi, na sifa zilikuwa za kweli. Lakini watu haohao waliokuwa wakiisifu walikuwa wakikosea nambari na kutuma pesa kwa wasiowajua. Rai ilikuwa njema na utendaji ulikuwa na tundu. Lau waundaji wangesikiliza rai peke yake, tundu lisingezibwa.

Tena neno lenyewe lina bahati Liboi. Hakikisha ina mzizi wa Kiarabu, na mzizi huohuo umo katika Kisomali: xaqiiji, yaani kuthibitisha ukweli wa jambo. Msomali asikiaye hakikisha husikia ndugu ya neno la nyumbani kwake. Wale kati yetu wanaopendelea istilahi za Kibantu, kwa madai kwamba ndizo zilizo wazi, inawapasa kulitafakari hili. Uwazi si mali ya neno. Ni uhusiano baina ya neno na msomaji wake, na msomaji wa Liboi si msomaji wa Tanga.

(d) Nambari ya siri na nywila. Hoja hiyohiyo huonekana hapa kwa ukali zaidi. Kwa Kisomali nambari ni lambar na siri ni sir. Nambari ya siri basi humfikia mtu wa Liboi karibu bila tafsiri, akijua kwamba ni nambari na kwamba haipasi kuambiwa mtu. Nywila haimwambii lolote. Wala haimwambii lolote mtu wa Mombasa ambaye hakufundishwa. Kwa iktisadi nywila lashinda, kwa kuwa ni neno moja badala ya matatu. Lakini neno linalomwambia mwenye simu kwamba jambo hili ni siri hubeba ndani yake agizo la kutenda, na agizo hilo ndilo linalolinda pesa zake. Iktisadi ya herufi isitupotezee iktisadi ya mali.

(e) Hifadhi. Katika programu za kompyuta neno hili ndilo linaloagiza kazi iwekwe isipotee. Mtoto wa duksi analijua kwa maana ya kuhifadhi Kurani, na kwa Kisomali xifdi ni huko kuweka moyoni. Ni msingi mzuri sana: mashine yaambiwa iweke moyoni kilichoandikwa. Lakini msingi huo waweza pia kumpotosha mtu, kwa kuwa kilichohifadhiwa moyoni hakina mahali pa kutafutwa, ilhali faili ina mahali. Mtumiaji atasema bila kusita kwamba neno analielewa, na kesho yake ashindwe kuipata barua yake. Kulielewa neno si sawa na kuliweza tendo.

5. WEPESI WA KUAZIMA

Tumeyasoma maneno. Lakini inatupasa pia kuuliza nani huyasoma. Tumchukue, kwa mfano wa kufikirika, mfanyabiashara wa mbuzi wa Liboi anayepeleka mifugo soko la Garissa na kununua bidhaa kutoka Dobley. Mkononi ana huduma mbili. Ya Kenya ni ya shilingi, ina orodha ya maneno, na hufunguliwa kwa kupiga *334# au kwa orodha iliyomo katika laini. Ya Somalia ni EVC Plus ya kampuni ya Hormuud, ambayo ni ya dola ya Marekani. Katika hii ya pili mtu huweza kutuma kwa msimbo mmoja unaoanza na *712: nyota, nambari ya mpokeaji, nyota, kiasi, kisha alama ya reli. Hakuna neno la kusoma.

Ukimwuliza mfanyabiashara huyu ni ipi iliyo rahisi, huenda akaitaja hii ya msimbo, na mwanalugha akashangaa: chombo kisicho na lugha kimeishinda lugha! Lakini tusiharakishe. Msimbo ni mwepesi kwa aliyeukariri, nao hauna huruma kwa aliyekosea tarakimu moja. Kadhalika, yule anayeisifu orodha ya Kiswahili huenda haisomi kabisa: amekariri kwamba tuma ni namba moja na kadhalika. Siku orodha itakapopangwa upya, mkono utakwenda palepale pa zamani. Hapo ndipo tutakapojua kwamba miaka yote alikuwa akitumia mahali pa neno bila kulisoma, nasi tulikuwa tukihesabu sifa zake kuwa ni ushindi wa istilahi.

Kuna wepesi mwingine ulio mkubwa kuliko huu wa kukariri, nao ni wepesi wa kuazima. Kabla ya simu, pesa za watu wa kaskazini-mashariki zilipita kwa hawala, ambayo Wasomali huiandika xawaalad. Kiolesura cha hawala kilikuwa ni mtu. Mteja alisema jina la mpokeaji, ukoo wake na mahali alipo. Mwenye duka akafanya yaliyobaki. Baada ya mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa ya tarehe 2 Aprili 2015, serikali ilisimamisha leseni za kampuni 13 za kupeleka pesa, kisha ikazirudisha baadaye mwaka huohuo. Wakati huo uliwafundisha wengi thamani ya njia nyingine. Lakini mazoea ya kiolesura kilicho mtu hayakuondoka. Yalihamia kwa wakala, kwa mpwa aliyesoma, kwa mwenye duka la jirani. Mwenye simu humpa simu, na mara nyingi humpa na nambari ya siri. Akiulizwa kama huduma ni rahisi, hujibu kwamba ni rahisi sana, naye asema kweli. Ni rahisi kwa kuwa mwingine ndiye aliyetenda.

Jambo hili huwa zito zaidi linapohusu chakula. Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianzisha katika kambi ya Kakuma mpango wa Bamba Chakula, ukafika Dadaab mwaka 2016. Sehemu ya mgao wa chakula ililetwa kama thamani iliyowekwa katika laini maalumu ya simu, na mwenye laini akanunua kwa wafanyabiashara walioandikishwa, akitumia nambari yake ya siri. Jina lenyewe ni la Sheng, na wengi walikwisha kulizoea neno bamba kutokana na kadi za muda wa maongezi. Kwa upande wa jina, basi, kazi ilifanywa kwa akili. Lakini jina ni mlango tu. Mama asiyeweza kulisoma salio lake mwenyewe hana budi kuliamini neno la muuzaji. Ikiwa muuzaji ni mwaminifu, mama atasema mpango ni mwepesi. Ikiwa si mwaminifu, huenda pia akasema ni mwepesi, kwa kuwa hana njia ya kujua. Rai yake katika hali zote mbili ni moja, na chakula nyumbani kwake si kimoja. Wahenga walisema kwamba mtumai cha nduguye hufa maskini. Hojaji ya kuridhika, hata ikitafsiriwa kwa ufasaha wa namna gani, haiwezi kuyatenga mambo haya mawili. Kumtazama mama huyo akilisoma salio peke yake kwaweza.

6. MAPINGAMIZI

Msomaji aweza kusema kwamba tatizo la Liboi si la istilahi; dawa yake ni kuleta violesura vya Kisomali, nalo litakwisha. Twakubali nusu yake. Haki ya mtu kusoma mambo ya pesa zake kwa lugha ya mama yake ni kubwa, na mpenzi wa Kiswahili hapaswi kuiogopa. Lakini orodha ya Kisomali nayo itasifiwa siku ya kwanza, pengine kwa fahari kubwa kuliko ya Kiswahili, na sifa hizo nazo zitaficha makosa yake. Asiyesoma hatasoma kwa kuwa lugha imebadilika. Kipimo cha mkono kitahitajika palepale.

Wengine watasema kwamba rai haifai kudharauliwa, kwa kuwa asiyekipenda chombo hatakigusa, na asiyekigusa hana utendaji wa kupimwa. Hili ni kweli, nalo ndilo alilolionyesha Davis. Rai humleta mtu mlangoni. Twasema tu kwamba kufika mlangoni si kuingia, na kwamba wanalugha tumekuwa tukiwahesabu waliofika mlangoni tukawaita wenyeji wa nyumba.

Pingamizi la tatu ni la kazi: kwamba kupima utendaji ni shughuli ya wahandisi, nasi tuna sarufi na fasihi. Kwa maoni yetu hili ndilo pingamizi dhaifu kuliko yote. Mhandisi aweza kuhesabu makosa. Hawezi kueleza kwamba kosa lilitokana na mwelekeo wa kitenzi toa, au kwamba hakikisha lilipenya kwa sababu ya mzizi wa Kiarabu. Maelezo hayo ni yetu. Tukiyaacha, hakuna mwingine wa kuyatoa.

7. HITIMISHO

Twapendekeza kwamba neno lolote la kiolesura, kabla ya kusanifiwa, lipitie majaribio matatu pamoja na vigezo vyetu vya kawaida. La kwanza ni jaribio la upweke: mtumiaji apewe kazi moja na aachwe bila wakala, bila mpwa, bila mwalimu. La pili ni jaribio la kosa: apelekwe makusudi mahali pasipo pake, tuone kama maneno yaliyopo yatamrudisha. La tatu ni jaribio la mpangilio: orodha igeuzwe, tuone kama anayasoma maneno au anakumbuka mahali. Baada ya hayo aulizwe rai yake, nayo iandikwe kando ya utendaji, kila moja katika safu yake. Pale zitakapotofautiana ndipo patakapokuwa na kazi kwa mhakiki.

Majaribio haya yafanywe Dar es Salaam na Nairobi, naam, lakini yasiishie huko. Neno lililopimwa na wasemaji wa pwani peke yao limepimwa nusu. Kiswahili kimejitangaza kuwa lugha ya eneo zima. Hapana budi basi kikubali kuhukumiwa na watu wa eneo zima, wakiwamo wale wanaokisoma kwa shida wakiwa na pesa za mifugo wao mkononi. Mtu wa Liboi hatuandikii barua kutueleza kwamba kitenzi chetu kina mwelekeo mbaya. Atasema huduma ni nzuri, atampa mpwa wake simu, na ada ya kutojua atailipa mwenyewe.